Tofali la Mizani

...na ife basi, ife hapo hapo mbele za watu, si ndivyo mashine zilivyo, zinafanya kazi ukiwa peke yako na zinakufa siku ya wageni, Mama Kona aliwaza hivyo mikono ameikunja kifuani, macho ameyakaza ukutani ambako projekta ilikuwa imemwaga mwanga wake, na ndani ya mwanga ule kamstari ka kijani, kalikokuwa kakitambaa kutoka kushoto kwenda kulia tangu chai ilipoletwa, kalikuwa kamekaribia mwisho kakasimama, kakasimama tu, kama mbuzi aliyefikishwa mlangoni akakataa kuingia, na pembeni ya mwanga alisimama shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja, ndani ya shati jipya lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali, akisema, "Hapa inafikiri kidogo, mkurugenzi, imefika kwenye kona za mwisho," inafikiri, msikie, inafikiri, siku hizi kompyuta ndizo zinazofikiri na sisi ndio tunaosubiri, na mkurugenzi kule kichwani mwa meza akaitikia "mm" huku anabofya kalamu yake, ta, ta, ta, kalamu ambayo hakuna mtu kiwandani aliyewahi kuiona ikiandika, "mm, tusubiri, haraka haraka haina baraka," akasema mtu yule yule ambaye jana tu alimsimamisha Mama Kona kwenye korido kumwambia, kwa haraka zote za dunia, kwamba kitu hiki cha kijana kikifanya kazi basi chumba cha uchoraji hakitahitaji watu wawili, lakini asiwe na wasiwasi, hatatupwa, atawekewa meza nzuri kule stoo, atakuwa mshauri, watu wakikwama watakwenda kumuuliza... mshauri, kule stoo, kati ya magunia ya plastiki na mapanya, awashauri mapanya.

Na kitu chenyewe ni nini, ukikitazama vizuri, nyongeza, kijiprogramu, programu kubwa ya kuchorea ipo miaka yote na haina ugomvi na mtu, ile unayochora umbo zima lenye unene na tumbo, si mistari mitupu, unaligeuza, unalichungulia ndani, unalitoboa, unalifunika, halafu hiki kinakuja kujibandika juu yake kama kupe juu ya ng'ombe, kimeota pale juu ya skrini alama yake ya bluu, na unakipa umbo la kitu chochote, ndoo, sahani, kifuniko, nacho kinakutengenezea kalibu, yaani lile pande la chuma lenye shimo la umbo lile, ambamo plastiki ya moto itasukumwa mpaka ijae, kinaamua chenyewe kalibu ifungukie wapi, kinaamua kuta zilale kiasi gani ili kitu kisinase kikitolewa, kinaamua kona ipi iviringwe na kwa kiasi gani, kwa kubofya mara moja, alisema shemeji alipoanza, "kubofya mara moja tu," akainua kidole kimoja kuwaonyesha mara moja ni ngapi, kana kwamba hapa mezani wamekaa watoto wa chekechea... kazi yake hiyo, kazi yake yote toka kichwani hadi miguuni, jina lenyewe alilipata humo, maana kiwanda kizima hakuna aliyejua kuviringa kona kama yeye, plastiki haipendi kona kali, ukiiachia kona kali inapasuka pale pale, na kompyuta nayo haipendi kona, ukizichokoza kwa pupa inaganda, inakutolea dirisha jekundu, inakufukuza, lakini kwake zilikubali, zilikubali zote, wakamwita Mama Kona na mtoto hana, kona ndizo alizozaa.

"Kama mnavyoona," shemeji alikuwa akiendelea, maana ukimya humtisha, Mama Kona anajua hilo, mtu asiyeweza kukaa kimya hata mbele ya sahani ya chakula, "inaanza na kona kubwa, halafu inashuka kwenye ndogo, huu ni mtiririko niliougundua baada ya utafiti wa muda mrefu," ameugundua, mwongo mkubwa wewe, mwaka mzima umekaa nyuma ya kiti changu kwenye kile kigoda kinacholia, unanipumulia shingoni harufu ya pipi za mnanaa, shingo yangu ndiyo ilikuwa maabara yako, "Shemeji, mbona umeanza na kona kubwa?" na mimi, mjinga nisiye na mfano, nakujibu, kwa sababu ukianza na ndogo kubwa itakuja kuimeza na programu itakataa zote mbili, "Aa, sawa, na mbona ukuta huu umeulaza zaidi ya ule?" kwa sababu huu utang'ang'ania chuma, angalia, una mbavu, "Aa, sawa," aa sawa, aa sawa, aa sawa, mwaka mzima wa aa sawa... na kilichomuuma Mama Kona mpaka leo, kilichomfanya usiku ageuze mto upande wa pili, si kwamba aliulizwa bali kwamba aliona utamu, ndiyo, aliona utamu, kwa miaka yote aliyokaa kwenye kile chumba hakuna binadamu aliyewahi kumuuliza kwa nini, walimuuliza itakuwa tayari lini, basi, na huyu akauliza kwa nini, naye akafunguka kama bomba bovu.

Na aliyemleta ni nani, ni mdogo wake, mdogo wake mwenyewe alikuja nyumbani akaketi kwenye ukingo wa kitanda akamwambia, "Dada, mchukue mume wangu akae na wewe kazini, amesomea programu zake lakini yuko tu ndani ananitazama, iko siku nitampiga na mwiko," wakacheka wote wawili, akasema mlete, kikulacho ki nguoni mwako, na hiki hakikuwa nguoni tu, alikifulia nguo yenyewe... simu ikatetemeka juu ya meza, akaigeuza kidogo kwa kidole, alikuwa huyo huyo mdogo wake, *Dada, imekubali?* hakuna habari za asubuhi, hakuna umeshindaje, imekubali tu, na Mama Kona akaifunika simu kifudifudi, akakumbuka darasa lenye madawati ya mbao na mdogo wake akikaa nyuma yake, maana waliunganishwa darasa moja kwa sababu ya shule kukosa mwalimu, akinyoosha shingo kutazama mwandiko wa dada, mpaka akauiga mwandiko wote, mkia wa g, tumbo la b, kila kitu, na siku ya zawadi za mwandiko mzuri aliitwa mdogo mtu, akapanda jukwaani, akapewa kalamu za rangi, na waliporudi nyumbani alipomsogelea kumlaumu alimjibu bila haya hata ya dawa, "Si nimejifunza kwako, dada, ungefurahi," ungefurahi! sasa ameolewa na mtu wa sampuli ile ile, wawili hao wamekutana kama kisu na ala, na kila ninapoinama wao wananyoosha shingo.

Kamstari bado. Safi kabisa, kafie hapo, maana aliyechagua umbo la kujaribia ni yeye, mkurugenzi ndiye aliyesema, "Mama Kona achague, tusije tukaambiwa kijana amepanga mechi," na shemeji akacheka, akamsogezea kipanya kwa mikono miwili, "Karibu shemeji, chochote upendacho," naye akaingia kwenye mafaili ya zamani taratibu, akapita ndoo, akapita beseni, akapita vibanio vya nguo, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kifuniko cha jagi, kile chenye mdomo wa kumiminia na kishikio cha gumba, pale ambapo kona tatu zinakutana kwenye nukta moja zikigombana kama mawifi, kifuniko kilichomtoa yeye mwenyewe machozi, kilichomgandishia kompyuta mpaka akataka kuipiga teke, akakibofya, akasema, "Hiki ni kidogo tu, jaribuni hiki," kwa sauti ya asali, na ndani ya kifua akasema nenda, nenda ukavunjike shingo... na tazama kinavyokwenda, hakijavunjika, kimekwama, lakini hakijavunjika, nyuma ya kamstari unaona kifuniko chenyewe kimejichora rangi ya majivu, mdomo umeviringwa, kishikio kimeviringwa, na kimekwenda kwa utaratibu wangu, hatua kwa hatua, ni kama kutazama mtu amevaa gauni lako anacheza harusini na hakukualika.

"Na kale kadude kadogo pale pembeni ni nini?" mkurugenzi aliuliza, akanyoosha kalamu kuelekea ukutani, na Mama Kona, aliyekuwa amekitazama kifuniko tu, akafuata ncha ya kalamu, akaona, kando ya kifuniko, hakijagusana na chochote, kimekaa peke yake kwenye utupu, kitofali, kitofali kidogo cha pembe nne ukubwa wa jino la mtoto, na chai iliyokuwa mdomoni ikasahau njia, akakohoa, akakohoa tena, akajifuta kwa nyuma ya mkono, "Pole, shemeji," alisema yule mwizi kwa heshima zote, kisha akamgeukia mkurugenzi na uso wa mhubiri, "Swali zuri sana hilo, mkurugenzi, hilo linaitwa tofali la mizani, ni hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kitu chochote nyongeza inaweka tofali la mizani, bila hilo chuma kikipoa kinapotosha vipimo, wengi hawalijui, ni siri ya mafundi wakubwa, na mimi nimeweka hata kitelezi hapa cha kuongeza na kupunguza ukubwa wake," akakionyesha kitelezi, kweli kipo, amekichora, amekipaka na rangi, na mkurugenzi akatikisa kichwa polepole kwa namna ya mtu anayekutana na elimu, "Mizani, naam, lazima iwepo mizani," naam nini, wewe, naam nini!

Tofali la mizani... Mungu wangu, aliamini, aliamini kweli, akalibeba mpaka nyumbani, akaliwekea kitelezi, na Mama Kona ilimbidi auume ulimi kwa ndani ili uso usifunguke, maana hakuna kitu duniani kinachoitwa tofali la mizani, halijawahi kuwepo, halipimi chochote, ulikuwa uongo wake mwenyewe, alioutoa siku aliyoamka na kichwa kinauma na yule anamuuliza swali la mia huku anatafuna pipi yake sikioni, "Shemeji, na hiki kitofali unachochora kila mara mwanzoni ni cha nini?" naye akakauka uso akamjibu, hilo ni tofali la mizani, bila hilo chuma kikipoa kinapotosha vipimo, "Aa, sawa," akajibu, na akaingia ndani ya kichwa chake akalihifadhi... ukweli angeusemaje, ukweli ulikuwa wa aibu, ukweli ni kwamba alipoanza kazi, kwenye ile kompyuta ya kwanza iliyokuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, programu ya wakati ule ilikuwa na ugonjwa, ukifika kona ya mwisho inakufa na kazi yote inapotea, na fundi mwanamke aliyemfundisha alimnong'oneza, chora kitu kingine kidogo pembeni, chochote, ikiona vitu viko viwili haifi, akachora, na siku ile haikufa, kesho yake akachora tena, haikufa, na programu zikabadilika, kompyuta zikabadilika, fundi yule akastaafu akaondoka, ugonjwa wenyewe labda ulitibiwa miaka na miaka iliyopita, lakini Mama Kona, mwenye cheti ukutani na msimamo mkali kuhusu watu wanaovaa hirizi, hajawahi hata siku moja kuanza kazi bila kuchora kwanza kitofali chake, mkono unakwenda wenyewe, na mwisho wa kazi, kabla ya kutuma faili kwa mzee wa chuma, yule anayekata kalibu kwa mashine, anakifuta, anakifuta haraka kama mtu anayevua ushirikina wake mlangoni asije akaonwa nao msikitini au kanisani...

Anakifuta.

Mama Kona aliacha kukohoa. Anakifuta, ndiyo, lakini anakifuta lini, anakifuta akiwa peke yake, hakutaka kuonekana, kila kazi ilipoisha alikuwa akimgeukia yule kwenye kigoda na kumwambia, "Shemeji, hebu nenda ng'ambo kamwambie mzee wa chuma ajiandae, kazi inakuja," na yule anainuka, mtiifu, anavuka uwanja kwenda kwenye jengo la mashine, na mlango ukifungwa tu yeye anabofya kitofali, anafuta, anahifadhi, anatuma, kila mara, kila kazi, mwaka mzima, hajawahi kuona, hajui, huyu mtoto wa watu ameiga kila kitu toka kona kubwa hadi ndogo, ameiga hata uchawi, lakini kuutoa uchawi hakuona, na maana yake, subiri, taratibu, maana yake ni kwamba kwenye kila kalibu ambayo nyongeza hii itatengeneza kitofali kitabaki, kitakwenda ndani ya faili, kitakwenda mpaka kwa mzee wa chuma, na mzee wa chuma ni mtu wa namna gani, anamjua, ni yule aliyewahi kukata mstari wa bahati mbaya uliosahauliwa kwenye mchoro, akaukata wote mpaka mwisho, na walipomjia juu aliwajibu bila kuinua macho kwenye mashine yake, "Mimi nakata kilichochorwa, mkitaka nikate mnachowaza mnipe mapema," basi atakata, atakata shimo la kifuniko na kando yake shimo dogo la jino, chuma kigumu kile, hakirudi nyuma kikishaliwa.

Na hata hivyo lingekuwa shimo tupu tu, kovu, plastiki isingefika, aliwaza, akaanza kulegea, lakini shemeji hakunyamaza, si mtu wa kukaa kimya yule, "Na hapa ndipo ninapojivunia zaidi," akasema, akipitisha mkono juu ya mwanga kivuli chake kikaukata ukuta, "nyongeza inachora yenyewe mifereji ya plastiki, ikiona shimo inalipelekea mfereji, haiachi hata moja, haina upendeleo," haina upendeleo, baba wee, na kweli pale ukutani, kwenye ile rangi ya majivu, uzi mwembamba ulikuwa umeshatoka kwenye mfereji mkubwa, umepita kando ya kifuniko, umekwenda kwa unyenyekevu mpaka kwenye kitofali ukakigusa, mfereji huu haukuwa wa Mama Kona, huu ulikuwa wake yeye kijana, ugunduzi wake wa kweli na wa pekee, na ulikuwa umekwenda kukinyonyesha kitofali... kwa hiyo kila mashine itakapofunguka kutema kifuniko itatema na kijino, kifuniko na kijino, kifuniko na kijino, sakafu itajaa vijino, wafanyakazi watavifagia, vitakwama chini ya viatu, vitaingia kwenye maboksi, mama mmoja mahali fulani atafungua jagi jipya kwake akute kipande cha plastiki cha pembe nne kinagonga chini, akitoe, akizungushe kwenye mwanga, aseme hiki nacho cha nini.

Neno moja tu. Alilisikia likimjia kwenye ulimi, jepesi, lenye adabu, shemeji, hapo mwisho kifute kile kitofali, basi, ni hayo tu, na kazi ingekuwa kamili na hakuna chuma ambacho kingeharibika, na mdogo wake asingelala macho siku watakayoitwa kuulizwa, maana mdogo wake, aliwaza, na hapo ikamuuma, hawezi kusema haikumuuma, mdogo wake ambaye alimbeba mgongoni akavuka naye madimbwi, mdogo wake ambaye bado akiumwa anamwita dada kabla ya kumwita Mungu... simu ikatetemeka tena, kifudifudi, ikizunguka kidogo mezani kama mende aliyepinduliwa, akaiinua, *Dada jibu basi, roho iko juu, imekubali?* akaandika *Bado inazunguka*, ambayo ilikuwa kweli tupu, akairudisha... neno moja, na kitatokea nini ukishalisema, alijiuliza, hebu tutazame mpaka mwisho, atasema, "Aa, sawa," hilo ndilo atakalosema, aa sawa, ataketi, atafungua nyongeza yake, ataongeza mstari mmoja, futa tofali, na nyongeza itakuwa kamili, haitakosa chochote cha kwake Mama Kona, hata kimoja, itakuwa imemmeza mzima na mifupa, na wiki ijayo yeye yuko stoo na mapanya, na kule chumbani kigoda kimehamia kwenye kiti, na hicho kitu cha mwisho, hicho kidogo alichokuwa akikifanya mlango ukiwa umefungwa, cha pekee ambacho hakikuibwa kwa sababu hakikuonekana, atakuwa amekitoa mwenyewe, kwa mkono wake, bure, kwa ukarimu, kama alivyotoa vingine vyote, na watamshukuru, mkurugenzi atasema tazama, ndiyo maana tunahitaji mshauri.

Hapana. Hapana, wallahi hapana, mmekula nyama mmekula na mchuzi, sufuria niachieni mwenyewe.

Na hapo ndipo alipogundua, kwa mshangao wa mtu anayejikuta ameshika mwavuli ndani ya nyumba, kwamba mikono yake haikuwa imekunjwa tena, ilikuwa mezani, vidole vimeshikamana, na alikuwa ameinama mbele kuelekea kwenye kamstari ka kijani, na kwamba haombi tena kife, lini aliacha kuomba hivyo hajui, kikifa sasa watasema bado hakijaiva, watakirudisha jikoni, shemeji atakikagua mstari kwa mstari, atauliza, atakuja na pipi zake za mnanaa, shemeji, naomba nikuulize kidogo, na siku moja kichwa kitamuuma atasema kweli kwa bahati mbaya, hapana, kisife, kimalize, kimalize salama na kona zake zote tatu, mkurugenzi apige makofi, faili liende ng'ambo leo leo, chuma kikatwe, meza iwekwe stoo, naye atakwenda stoo kwa miguu yake, atakalia kile kiti, atafuta vumbi, atasubiri, hatahitaji kusubiri sana, watakuja, kwanza msimamizi wa mashine na kiganja kimejaa vijino, halafu mhasibu, halafu mkurugenzi mwenyewe na kalamu yake, na nyuma yake shemeji bila pasi kwenye shati, watavimwaga vile vijino mezani kwake vigonge kama mvua ya mawe, wewe si mshauri, tushauri, hivi ni nini, naye atachukua kimoja, atakiinua kwenye dirisha, atakitazama kwa heshima, atakauka uso... na mdogo wake atajua, huyo atajua, hao wengine hapana lakini yeye aliiga mwandiko, anajua mkia wa g ulikuwa wa nani, atakitazama kile kijino na atajua mkono wa dada yake, na atalia, na ungefurahi, mdogo wangu, si umejifunza kwangu.

"Mama Kona." Kalamu ilikuwa imetulia, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wewe ndiye mzoefu hapa," mkurugenzi alisema, "una la kuongeza kabla haijamaliza?" Na shemeji akageuka kumtazama, na ndani ya mwanga wa projekta Mama Kona akaona kola ya lile shati jipya imelowa jasho, na midomo imekauka, akaelewa kwamba anamwogopa, alikuwa akimwogopa muda wote huu, anangoja aseme hii ni yangu, mmeiba, mwaka mzima nimekuwa naye, anangoja aseme hilo tu kwa sababu ndilo pekee analojua ameliiba, na akamwacha angoje, akanywa funda moja la chai, ilikuwa imepoa, akakiweka kikombe chini polepole.

"Sina," akasema. "Kijana amefanya kila kitu kama ninavyofanya mimi."

Shemeji alishusha pumzi mpaka ikasikika, akainamisha kichwa, "Asante, shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli, ya mtoto aliyesamehewa, jambo ambalo lilimchoma kidogo, kidogo tu, mahali ambapo pangepona, na kalamu ikaanza tena, ta, ta, ta, na feni ya projekta ikavuma, na ukutani kamstari ka kijani kalikuwa pale pale kalipokuwa, hakajasogea hata unywele, na Mama Kona akakaegemea kwa macho, pumzi ameizuia, usife, akakaambia moyoni, usife sasa mwanangu, maliza.